Waaminifu wamefungwa mikono, wezi wanapita: hizi ruhusa za mafaili kwenye simu zinamlinda nani?

#1 Mwandishi_Usiku
Wakuu salaam. Naenda moja kwa moja.

Natumia programu ndogo ya kuandikia kumbukumbu. Haina matangazo, haina akaunti, kila ninachoandika kinakaa kama faili la maandishi la kawaida ndani ya folda ya Documents. Juzi niliiondoa nikaiweka upya. Ikafunguka tupu. Nikaingia kwenye programu ya mafaili iliyokuja na simu: kila kitu kipo palepale, majina yaleyale, tarehe zilezile. Ila programu yenyewe, iliyoyaandika mafaili hayo, inasema folda haina kitu.

Kwenye simu hiyohiyo kuna kisoma PDF ambacho siku ya kwanza kiliniambia niwashe swichi ya kudhibiti faili zote, la sivyo hakifunguki. Nilitaka kusoma PDF moja!

Hoja yangu ni hii: mfumo wa ruhusa umembana aliye mwaminifu na kumwachia mwenye tamaa. Anayebisha alete sababu.

#2 Msumari
Mkuu, hapo kwenye kumbukumbu mfumo umefanya kazi yake. Kuanzia Android 11, programu isiyo na ruhusa yoyote inaweza kuandika faili ndani ya Documents au Download na kulisoma tena baadaye, kwa sababu mfumo unaweka rekodi kwamba faili hili ni la programu fulani. Ukiiondoa, rekodi ya umiliki inakwenda nayo. Ikirudi inahesabiwa mgeni, hata kama ni ileile ya mtengenezaji yuleyule. Mafaili yanabaki kuwa yako, ila yeye hayaoni.

Dawa ni mtengenezaji aweke kitufe cha kuchagua folda. Unamwonyesha folda mara moja, mfumo unalikumbuka hilo hata ukizima simu.

#3 Mwandishi_Usiku
Asante Msumari, nitamwandikia. Bado hujagusa kisoma PDF.

#4 Jiwe_la_Pembeni
Watu wamesahau tulikotoka, ngoja niwakumbushe.

Kabla ya Android 4.4, yaani kabla ya mwisho wa 2013, programu yoyote iliweza kusoma memori kadi bila kuomba chochote. Hata baada ya hapo, mpaka Android 6 ilipotoka 2015, ruhusa zilikuja kwa mkupuo mmoja wakati wa kusakinisha: kubali zote au acha. Tochi ilikuwa inaorodhesha picha, mafaili na majina ya watu, na sisi tunabonyeza tu.

Na madhara yalionekana. Mwaka 2014 kilitokea kirusi kilichoitwa Simplocker. Kilipita kwenye memori kadi kikitafuta picha, video na nyaraka, kikazifunga kwa usimbaji, kisha kikaleta skrini ya kudai pesa. Hakikuhitaji kuvunja ulinzi wowote wa simu, kwa sababu ruhusa ya kuandika kwenye hifadhi ya pamoja ilitosha.

Mwaka 2019 ndipo Android 10 ikafunga mlango. Kwa hiyo ukiuliza ulinzi unamlinda nani, unakulinda wewe.

#5 Dada_Nywila
Somo zuri #4, ila umeruka kitu. Android 10 ilileta utaratibu mpya lakini iliacha njia ya kuukwepa: mtengenezaji aliandika mstari mmoja kwenye faili la maelezo ya programu, akaendelea kama zamani. Kilichofunga kwa kweli ni Android 11 ya 2020, na hata hapo ni kwa programu zinazolenga toleo hilo, yaani zilizotangaza kufuata kanuni zake. Google Play ilianza kulazimisha ulengaji huo Agosti 2021 kwa programu mpya na Novemba 2021 kwa masasisho.

Nalisema kwa sababu watu wengi waliona mambo yameharibika 2021 wakadhani simu zao zina kasoro.

#6 Jiwe_la_Pembeni
Nakubali dada, maelezo yako yamenyooka kuliko yangu.

#7 Kidole_Juu
Mimi natengeneza kicheza muziki, kwa hiyo nachangia nikiwa upande wa pili wa kaunta.

Msumari anasema "weka kitufe cha kuchagua folda" kana kwamba kazi imeishia hapo. Ukishapewa folda kwa njia ile, hupewi anwani ya kawaida ya faili. Unapewa kiungo, na kila unachotaka kujua unamwomba mtu wa kati. Kuna zana rasmi iliyorahisishwa ambayo kila mwanafunzi huanza nayo: unaomba orodha ya folda, halafu kwa kila faili unauliza jina, halafu unauliza ukubwa, halafu unauliza kama ni folda. Kila swali moja kati ya hayo ni safari nzima kwenda kwenye mchakato mwingine na kurudi. Folda yenye nyimbo elfu chache, mtumiaji anaona duara linazunguka tu, anakupa nyota moja na kuandika "programu nzito".

Halafu kuna maktaba za zamani za C, yaani vipande vya msimbo tulivyokuta vimeandikwa, zinazosoma sauti. Zinataka anwani ya faili, hazijui kiungo ni kitu gani. Una mawili: uandike upya sehemu hiyo ya maktaba, au unakili faili zima kwenye hifadhi yako binafsi kabla ya kulifungua, ujaze simu ya watu.

Ndiyo maana kisoma PDF cha mleta uzi kinaomba kila kitu. Aliyekitengeneza amechoka. Sisemi ni sawa, nasema chanzo ndicho hicho.

#8 Kamba_Mbili
Kaka Kidole_Juu, nakupinga kwa heshima. Ile zana rasmi iache. Uliza mara moja tu kwa folda nzima na utaje safu unazotaka: jina, ukubwa, aina, tarehe. Jibu linakuja kama jedwali moja na zile safari zote zinakwisha. Tofauti inaonekana kwa macho.

Kuhusu anwani, kwa muziki na picha Android 11 ilirudisha uwezo wa kufungua faili kwa anwani yake ya kawaida, mfumo ukiwa katikati unachuja. Maktaba za C za sauti zinafanya kazi. Aliyebaki na tabu ya kweli ni mwenye nyaraka: PDF, ZIP, vitabu. Hao kuanzia Android 13 hawana ruhusa ya kati kabisa. Ile ya zamani ya kusoma hifadhi imegawanywa kuwa picha, video na sauti, na nyaraka hazimo. Ni faili moja moja kwa kuchagua, au folda, au swichi ya kila kitu.

Kwa hiyo siyo uchovu, ni pengo. Kati ya "nionyeshe hili moja" na "nipe simu nzima" kisoma vitabu kinachotaka kuonyesha rafu yako yote hakina pa kusimama.

#9 Kidole_Juu
Hilo la anwani kwa muziki ni kweli, ila simu za Android 10 bado zipo mikononi mwa watu na pale halifanyi kazi bila ule mstari wa kukwepa. Sisi tunahudumia matoleo yote kwa pamoja, mkuu. Kuhusu pengo, hapo umenena.

#10 Mpiga_Zumari
Mnazungumza kama mafundi tupu. Niulize swali la mtumiaji: nikichagua "picha nilizochagua tu", kwa nini programu ya mawasiliano inanirudisha kuchagua upya kila nikitaka kutuma picha mpya? Inachosha mpaka nikaipa zote.

#11 Dada_Nywila
Mpiga_Zumari, hiyo ni programu mbovu, ruhusa haina kosa. Uchaguzi huo ulikuja na Android 14, na iPhone walikuwa nao tangu iOS 14 ya 2020. Programu iliyoandikwa vizuri haihitaji ruhusa ya picha hata kidogo. Inafungua kichagua picha cha mfumo: dirisha linatokea, unaziona picha zako zote wewe, programu haioni hata moja, unagusa unayotaka, inapokea hiyo tu. Hakuna swali la Ruhusu au Kataa, maana kule kugusa picha ndiko kuruhusu.

Angalia wakati dirisha linapotokea. Kama kuna maneno yanayosema programu itafikia picha unazochagua pekee, ni kichagua cha mfumo. Kama ni galari iliyojengwa ndani ya programu yenyewe, yenye rangi zake, basi ina ruhusa tayari.

#12 Msumari
Na hapa ndipo naona jibu la uzi mzima. Swali la ruhusa linakuja wakati mbaya. Mtu anataka kutuma picha, ana haraka, kinatokea kisanduku. Hapimi usalama, anapima haraka yake. Mama yangu hubonyeza Ruhusu kabla sijamaliza kumsomea, na sina ninachoweza kumlaumu, kwa sababu kile kisanduku hakimwambii programu itafanya nini na picha, kinamwambia tu kwamba inazitaka.

Kichagua kinaliondoa swali lenyewe. Kila mahali kinapowezekana, kitumike.

#13 Mwandishi_Usiku
Kwa picha sawa. Kwa kumbukumbu zangu zinazojisawazisha na kompyuta kila saa, nitakuwa nachagua faili moja moja usiku kucha?

#14 Bahari_Tulivu
Swali la #13 ndilo lililowachoma watu wa kusawazisha mafaili. Nextcloud walisema hadharani Mei 2025 kwamba Google Play imewanyima ruhusa ya mafaili yote, programu yao ikabaki inaweza kupandisha picha na video tu. Kelele zilipokuwa kubwa, Google ikakubali kuirudisha. Syncthing ya Android nayo, aliyekuwa akiitunza alitangaza mwaka 2024 kuwa anaiacha, akitaja ugumu wa kuchapisha Google Play miongoni mwa sababu.

Sasa nitazameni: hizo ni programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila anayetaka kuusoma, na kazi yake ni kuhamisha mafaili yako kwenda kwenye mashine yako mwenyewe. Ndizo zilizobanwa. Maelezo yangu ni rahisi: mwenye duka naye anauza hifadhi ya mtandaoni. Siamini kwamba hilo halina uzito wowote.

#15 Kamba_Mbili
Bahari_Tulivu, kuna uwezekano mwingine usio na hila. Sera ya duka inataja aina za programu zinazoweza kupewa swichi ile: za kusimamia mafaili, za kuhifadhi nakala, za kupambana na virusi, za nyaraka na kadhalika. Anayepitia maombi anaona maombi mengi mno, anakata kwa kanuni. Kosa la namna hiyo linampata mkubwa na mdogo. Mkubwa anapiga kelele anasikilizwa, mdogo anafunga duka.

#16 Bahari_Tulivu
Hata ikiwa hivyo, matokeo kwa mdogo ni yaleyale.

#17 Ua_la_Jioni
Naomba nitoe langu, maana mnaongelea sera kama kitu cha mbali.

Nilisakinisha programu ya mkopo, sitaitaja. Iliomba majina ya simu, picha na mafaili, kwa maelezo kwamba "inathibitisha utambulisho". Nilipochelewa kulipa, watu walioko kwenye simu yangu, wengine sijaongea nao miaka, walianza kupokea ujumbe wenye jina langu na picha yangu. Picha hiyo sikuwahi kuipandisha popote. Ilikuwa galari.

Msiniambie ruhusa ni usumbufu. Kwangu ilikuwa sehemu pekee ambayo ningeweza kusimama nikasema hapana, na ilinijia imevaa nguo ya uthibitisho wa kawaida.

#18 Dada_Nywila
Pole sana Ua_la_Jioni. Kwa wanaosoma: Google Play ilipiga marufuku programu za mikopo binafsi kugusa picha na majina ya watumiaji kuanzia 31 Mei 2023. Kwa hiyo programu ya mkopo ikikuomba vitu hivyo leo, ama imetoka nje ya duka ama inavunja masharti. Iondoe, na uiripoti.

#19 Jiwe_la_Pembeni
Pole dada. Na mleta uzi aone kuwa hapa sera imefanya ambacho kisanduku cha Ruhusu kisingeweza.

Niongeze jingine la karibuni. Februari 2025 kampuni ya usalama ya Kaspersky walieleza kuhusu kirusi walichokiita SparkCat, kilichopatikana ndani ya programu zilizokuwa Google Play na App Store pia. Kilisoma maandishi yaliyomo ndani ya picha, kikitafuta maneno ya kurejeshea pochi za sarafu za kidijitali ambayo watu huyapiga picha ya skrini. Ruhusa ya picha kiliiomba pale mtumiaji alipofungua mazungumzo na huduma kwa wateja. Mahali penye maana kabisa! Nani angekataa?

#20 Taa_ya_Mezani
Wote mnazunguka. Faili likisomwa na programu isiyoweza kulituma popote, madhara ni madogo. Hatari ni mafaili PAMOJA NA intaneti. Na kwenye Android ya kawaida ruhusa ya intaneti hutolewa kimya kimya wakati wa kusakinisha, huulizwi, na kwenye mipangilio huioni kama swichi ya ruhusa. Kisoma PDF cha #1 kingenyimwa intaneti, mngekipa mafaili yote mkalala.

Hilo ndilo swali lililopaswa kuulizwa tangu mwanzo, na wenye mfumo hawaliulizi kwa sababu matangazo yanahitaji intaneti.

#21 Msumari
Hoja nzito, lakini haijakamilika. Programu isiyo na intaneti inaweza kuamuru kivinjari kifungue anwani ndefu iliyobeba data ndani yake. Inaweza pia kumkabidhi data ndugu yake, programu nyingine ya mtengenezaji yuleyule yenye intaneti. Na Simplocker ya #4 haikuwa na haja ya kupeleka mafaili yako kokote ili ikuumize, iliyafunga palepale ulipo. Kuharibu hakuhitaji mtandao.

#22 Taa_ya_Mezani
Kivinjari kikifunguka chenyewe mtumiaji anaona, hiyo siyo njia ya kuiba galari nzima. La ndugu yake nakubali. Bado nasema kunyima intaneti kungepunguza sehemu kubwa.

#23 Gurudumu
Mimi ni wa iPhone, huku hatuna shida hizi kwa sababu hakuna mafaili 😂

#24 Kamba_Mbili
Gurudumu, programu ya Files mnayo tangu iOS 11 ya mwaka 2017, na tangu iOS 13 programu inaweza kuomba folda nzima. Hujaifungua tu ndugu yangu.

Ila kuna jambo la maana ndani ya utani wako. iPhone ilianza ikiwa imefunga, ikafungua kidogo kidogo. Android ilianza na hifadhi moja ya pamoja, tena kwenye memori kadi za mfumo wa FAT usiojua mmiliki wa faili ni nani, kisha ikaanza kufunga. Anayefunguliwa hushukuru, anayefungwa hulalamika. Nusu ya hasira za uzi huu zinatoka hapo.

#25 Mpiga_Zumari
Na memori kadi yangu je? Nataka kuhamisha mafaili ya gemu kwenye Android/data, programu zote za mafaili zinaniambia siruhusiwi, hata niliyoipa swichi ya kila kitu.

#26 Dada_Nywila
Android/data na Android/obb zimefungwa tangu Android 11 hata kwa wenye swichi ile. Humo programu huweka mambo yao, na zamani programu nyingine ziliyachezea. Mwaka 2018 kampuni ya usalama ya Check Point walionyesha mashambulizi ya namna hiyo wakayaita Man-in-the-Disk: programu inapakua sasisho lake kwenye hifadhi ya pamoja, jirani analibadilisha kabla halijasakinishwa. Mwaka huohuo kisakinishi cha Fortnite kilikutwa na udhaifu huo, wakaurekebisha.

Kama ni data zako mwenyewe, unganisha simu na kompyuta au tumia programu ya Shizuku, inayopita kwa mamlaka ya zana za watengenezaji. Ila ujue unachokifungua.

#27 Mpiga_Zumari
Shukrani dada, Shizuku imekubali.

#28 Bahari_Tulivu
Kumbe njia zipo kwa wajuzi. Kwa hiyo mjuzi anapita, mwizi anapita kwa kuomba kwa adabu, anayebaki nje ni mtu wa kawaida mwenye kumbukumbu zake. Mleta uzi hakukosea sana.

#29 Tumbili_Mweusi
GrapheneOS, mfumo wa simu uliojengwa juu ya Android, wana kitu kinaitwa Storage Scopes. Programu inayolazimisha mafaili yote inaaminishwa kwamba imepewa, kumbe inaona ilivyoviunda yenyewe tu, na wewe unaongeza folda au faili unalotaka. Hapohapo kuna swichi ya kuinyima mtandao. Wamejibu #1 na #20 kwa pamoja. Nimekaa na kisoma PDF cha aina hiyohiyo ya kung'ang'ania: kikafunguka bila kulalamika, nikakiongezea folda ya vitabu basi.

#30 Kidole_Juu
Tumbili, ni kizuri, lakini kinakaa kwenye simu chache zinazokubali mfumo ule. Na kwetu watengenezaji kudanganywa kuna gharama: mtumiaji anasema nimekupa ruhusa zote, nami naona folda tupu, nianze kutafuta kosa ambalo halipo kwenye msimbo wangu.

#31 Tumbili_Mweusi
Basi usiombe zote tangu mwanzo, hutadanganywa.

#32 Ua_la_Jioni
Naunga mkono #31.

#33 Mwandishi_Usiku
Mtengenezaji wa kumbukumbu amenijibu. Anaweka kitufe cha folda kwenye toleo lijalo, na mafaili ya zamani yatasomeka mara tu nikiionyesha Documents. Kisoma PDF nimekiondoa. Sasa PDF nagusa kutoka kwenye programu ya mafaili, inafunguliwa na kisomaji kingine kisichoomba ruhusa hata moja.

Taa_ya_Mezani, nilipitia orodha ya ruhusa za kile cha zamani kabla ya kukifuta. Intaneti ilikuwemo.

#34 Taa_ya_Mezani
Na hicho kipya?

#35 Mwandishi_Usiku
Nacho kinayo. Msanidi anasema ni kwa ajili ya kufungua viungo vilivyomo ndani ya PDF.

#36 Kamba_Mbili
Kufungua kiungo kwenye kivinjari hakuhitaji ruhusa ya intaneti. Muulize tena.